Mgeni Haonyeshwi Maji Yamekupwa

Ile nyumba iko mwisho wa njia ya mchanga, mahali ambapo gari likishafika halina pengine pa kwenda ila kugeuka. Ina vyumba vitatu vya kulala, baraza refu, na bati lililokuwa jekundu zamani, chumvi ikalila mpaka likawa rangi ya chai. Mbele ya baraza kuna ukuta mfupi wa mawe. Ukivuka ukuta, ni bahari. Wakati mwingine.

Hilo "wakati mwingine" ndilo lililomsumbua Mama Funguo miaka yote aliyoitunza nyumba ile. Maji yakijaa, bahari inapanda mpaka inagonga ukuta, unaweza kukaa pale juu ukachezesha miguu majini. Yakikupwa, inaondoka yote. Inakwenda kukaa kule mbali kwenye mwamba wa matumbawe, unaona mstari mweupe tu wa mawimbi yakivunjika, na huku nyuma inaacha mchanga, madimbwi, nyasi za bahari zimelala chali, na harufu ya sufuria ya samaki iliyosahauliwa kuoshwa. Sasa picha ambazo wapangaji walikuwa wakiziona kwenye simu zao, mwenye nyumba alizipiga maji yamejaa. Hakuna mtu aliyewahi kupiga picha ile harufu.

Waliomjua walimwita Mama Funguo kwa sababu ya lile rundo la funguo alilolivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alizipaka mafuta ya nazi zisishike kutu, kwa hiyo nguo zake zote zilikuwa na doa moja kifuani, mahali palepale. Shemeji yake alisema anasikika kabla hajaonekana, kama mbuzi mwenye kengele.

Miaka ya mwanzo mumewe alikuwa hai. Alikuwa fundi wa mawe, ndiye aliyeujenga ule ukuta, na nyumba ilipokwisha mwenye nyumba akamwomba abaki aitunze, yeye na mkewe, wakapewa chumba cha nje, uani, karibu na tangi la maji. Wapangaji wa kwanza kabisa walikuwa maharusi. Walifika asubuhi, maji yamekupwa. Bibi harusi alivua viatu akiwa bado garini, akakimbia mpaka ukutani, akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Bwana harusi akatoa simu akaiangalia picha, akaangalia mbele, akaiangalia tena picha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa:

"Tumekodi bahari, tumeletewa shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa."

Fundi wa mawe alijaribu kuwaeleza kwamba bahari imetoka kidogo, itarudi alasiri. Bwana harusi akadhani anachezewa akili. Wakakalia masanduku yao mpaka gari likaja kuwachukua. Alasiri bahari ikarudi kweli, ikagonga ukuta kwa furaha zake zote, ikamkuta Mama Funguo peke yake na kitanda alichokipamba kwa maua. Mumewe alikuna kichwa akasema bahari haina adabu mbele ya wageni. Mkewe akaenda kuyatoa maua kitandani. Lakini tangu siku ile akajiwekea sheria yake: mgeni haonyeshwi maji yamekupwa. Siku ya kwanza, hapana. Siku ya pili aone atakacho.

Sheria ile ilihitaji watu, na watu aliwapata kwenye ukoo wa mumewe. Kivuko kilishusha abiria upande wa pili wa kisiwa, na aliyewaleta mpaka nyumbani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa pikapu aliyeitwa Taratibu. Jina hilo alipewa kabla ya sheria kuwapo, ila lilimfaa kuliko kofia yake. Kila wageni walipotarajiwa, Mama Funguo aliutazama mwezi wa jana yake, akapiga hesabu zake kimya kimya, kisha akampigia shemeji kumwambia wageni wafike wakati gani. Taratibu akifika gatini aliwapokea kwa heshima zote, akafunga mizigo, akaifungua, akaifunga upya. Njiani gurudumu lilipata pancha. Kama pancha haikutosha, alikumbuka kwamba lazima amjulie hali shangazi yake. Na kama shangazi naye hakutosha, palikuwa na wifi.

Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa na kibanda cha madafu katikati ya njia, benchi mbili na kivuli. Alikuwa na hadithi ya goti lake, jinsi lilivyovimba, jinsi alivyopelekwa hospitali, jinsi daktari alivyolitazama akasema hajawahi kuona goti kama lile. Hadithi ile ilivutika kama uji. Wifi aliitazama saa ya simu yake, akaiongezea jirani mmoja au muuguzi mmoja mkali, na wageni walipofika mwisho wa goti, bahari ilikuwa imeshafika ukutani.

Wala hakuna aliyewahi kulalamika. Walishuka garini wametulia, vumbi usoni, madafu tumboni, wakakuta maji ya kijani yamejaa mpaka kwenye mawe na jua linacheza juu yake. Wakaweka mkono kifuani. Kesho yake maji yalipokupwa walichukua ndoo wakaenda kuokota makombe wakicheka. Wifi alisema ni kama ndoa tu: siku ya kwanza unavaa vizuri, mengine mtazoeana.

Mumewe alipofariki, Mama Funguo alibaki na funguo. Kazi alishaizoea. Alijua mlango wa bafu huvimba wakati wa mvua, ukitaka ufunguke uupige teke pale chini, si pale juu. Alijua jiko la gesi lina kitufe cha kuwashia ambacho ni pambo tu, lazima kiberiti. Alijua chumvi ya mezani ikikaa siku mbili inageuka jiwe, kwa hiyo aliweka punje za mchele ndani yake. Mashuka aliyaanika upande wa nyuma, maana ya mbele yalikauka na chumvi yakasimama yenyewe kama mbao. Na kaa mdogo aliyeishi chini ya sinki alimwacha, kwa sababu kila alipomtoa alirudi, naye aliona hata yeye angefanya vivyo hivyo.

Basi msimu mmoja wa mvua mwenye nyumba alipiga simu. Alikuwa daktari wa meno, anaishi mjini ng'ambo, mtu wa sauti laini. Akasema wapangaji wa siku mbili tatu wanaichosha nyumba, wakiondoka huyu anaingia yule, na yeye umri umekwenda, hawezi tena kuja kila mara kurekebisha. Ama apatikane mtu wa kuikodi mwaka mzima, ama ataipigilia mbao madirishani na kuifunga. Alilisema hilo polepole, kama anavyowaambia watu kwamba haitauma.

Mama Funguo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, ana mke na kazi mjini, kila Jumapili anapiga simu: mama, njoo ukae kwetu. Alishawahi kwenda. Walikaa ghorofani, na mkwe wake alikuwa mwema, mwema kiasi kwamba hakumruhusu kuosha hata kikombe. Siku zote alizokaa kule alijiona kama sanduku la mgeni, limewekwa vizuri pembeni, watu wanalipita kwa uangalifu. Kwa hiyo simu ya mwenye nyumba ilipokatika, hakuifikiria nyumba. Aliifikiria ile pembe. Akaenda kufagia baraza ambalo alikuwa ameshalifagia.

Haukupita muda daktari akapiga tena. Amepatikana binti mmoja, mtafiti wa mambo ya baharini, ofisi yake inamtuma akae mwaka mzima karibu na mwamba ahesabu samaki na kuangalia afya ya matumbawe. Nyumba ameipenda kwenye picha. Ila anaishi na mama yake mzazi, hawaachani, na neno la mwisho ni la mama. Watakuja kuangalia. Mama akiridhika wanakaa, asiporidhika basi.

Mama Funguo alipaka bawaba mafuta, akafua vyandarua, akauosha hata ule upande wa bati unaoonekana ukisimama juu ya tangi. Kisha akautazama mwezi. Ulikuwa umejaa, maana yake bamvua, zile siku ambazo maji yanakwenda mbali kuliko siku zote na yakirudi yanapanda kuliko siku zote. Wageni wanakuja na kivuko cha asubuhi. Asubuhi bahari ingekuwa imehamia kwingine kabisa. Alasiri ingekuwa juu ya ukuta.

Akamwambia shemeji yake hawa wasifike kabla ya alasiri.

"Alasiri?" Taratibu akasema. "Shemeji, hiyo si pancha tena. Hiyo ni safari."

"Basi magurudumu yatoboke mawili."

Siku yenyewe mambo hayakwenda kama yalivyozoea kwenda, Taratibu alisimulia baadaye. Yule binti, msichana mwembamba mwenye kofia pana, alikuwa akitazama saa tangu gatini. Pancha ya kwanza alishuka mwenyewe, akachukua jeki, akabadilisha gurudumu huku Taratibu bado anatafuta pa kuweka miwani yake. Ya pili ilibidi spana ipotee. Kwenye kibanda cha wifi ndiko mbinu ilikoshindwa kabisa. Mama wa binti alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene, mtulivu, mikono mikubwa. Wifi alipoanza tu hadithi ya goti, Mama Mkunga akamwambia anyooshe mguu. Akalibonyeza goti hapa, akalibonyeza pale, akamwambia apunguze kusimama na alikande kwa maji ya moto jioni. Hadithi ikaishia hapo. Wifi akabaki na madafu mkononi, hana la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Taratibu akalazimika kuwapeleka kwa shangazi, na shangazi alikuwa amelala, wakamngoja aamke.

Lakini walifika alasiri. Mama Funguo alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza, nguo safi, uso wa mtu aliyepika kikaiva. Bahari siku ile ilijipamba. Ilikuwa imejaa mpaka povu linaruka juu ya mawe na kulowesha mchanga wa upande huu.

Binti alishuka kwanza. Hakuweka mkono kifuani. Aliitazama bahari, kisha akageuka haraka kumtazama mama yake, na uso ukamshuka.

Mama Mkunga hakushuka. Alikuwa ameshika mpini wa mlango wa gari kwa mikono miwili, macho mbele, midomo imebana. Wimbi likagonga ukuta, naye akafumba macho kama mtu aliyepigwa. Mama Funguo alisogea kumkaribisha, akaona ile mikono mikubwa haiachii mpini, akaishia njiani.

Ilibidi gari lizunguke mpaka nyuma. Mama Mkunga aliingia kwa mlango wa jikoni, akauliza chumba gani kiko mbali zaidi na maji. Kilikuwa kile cha mwisho, chenye magodoro ya akiba, dirisha lake linatazama tangi. Akakaa kitandani, begi mapajani, mgongo kwa bahari. Mama Funguo alimletea chai. Jioni nzima Mama Mkunga aliuliza swali moja tu.

"Huo ukuta kaujenga nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Alikuwa mtu makini?"

"Yeye alikuwa mpole. Mawe yake hayakuwa mapole."

Mama Mkunga akatikisa kichwa kidogo, akainywa chai. Lakini hakulala. Kulipopambazuka Mama Funguo alimkuta palepale, begi bado mapajani.

Asubuhi ile binti alikuja jikoni, akasimama karibu na sinki. Akasema kwa adabu kwamba nyumba ni nzuri, na mwamba ni ule hasa alioutaka, ila wataondoka na kivuko cha adhuhuri, tafadhali dereva aitwe. Kisha akajieleza mwenyewe. Mama yake ni mtu wa milimani. Maji mengi kuliko yote aliyoyazoea ni ya beseni la kuogeshea watoto wachanga. Damu haimwogopeshi, giza halimwogopeshi, ameshazalisha wanawake porini kwa taa ya mkono. Bahari hakuwahi kuiona mpaka jana, na kwenye kivuko alikaa amefumba macho njia nzima.

"Nilikuwa nimepanga vizuri kabisa, mama," binti akasema. "Nilitafuta siku ya bamvua makusudi, nikachagua kivuko cha asubuhi, ili tufike bahari iko mbali, haionekani. Nilitaka aizoee kidogo kidogo, iwe inamsogelea yenyewe. Halafu pancha mbili. Na spana. Na shangazi."

Mama Funguo alikuwa na njiti ya kiberiti inawaka mkononi, anataka kuwasha jiko. Ikamfikia kidoleni, akaiacha ianguke. Angeweza kunyamaza. Pancha ni pancha, nani angejua? Na kama ni kuondoka wanaondoka, ukweli ungeongeza nini? Alisogeza sufuria iliyokuwa imekaa sawa.

"Hazikuwa pancha," akasema.

Akaeleza yote: maharusi na shamba la mpunga, mwezi, shemeji, goti la wifi. Hakujitetea. Alieleza kama mtu anayetoa vyombo kabatini, kimoja kimoja, anavipanga mezani. Binti alisikiliza mdomo wazi. Simulizi ilipofika kwa shangazi aliyekuwa amelala, binti akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kucheka, na kile kicheko hakikuwa chote cha furaha.

"Kwa hiyo mimi navuta huku, wewe unavuta kule."

"Na kamba yenyewe ni mama yako."

Kaa wa chini ya sinki akachungulia, akarudi. Binti akafuta macho, akasema sasa basi, mama ameshaamua, na mama akishaamua ni kama msumari kwenye mninga, haung'oki. Mama Funguo alitazama nje ya dirisha. Mchanga ulikuwa umeanza kuonekana, unang'aa. Kivuko ni adhuhuri. Akamwomba binti apike uji yeye, jiko ni kiberiti, asihangaike na kitufe. Akajifuta mikono, akampigia shemeji kama alivyoombwa, akaenda chumba cha nyuma.

Hakuanza na bahari. Aliketi kwenye magodoro ya akiba, wakaongea habari za miguu kuvimba, habari za watoto wa siku hizi, habari za wakwe wema wasioruhusu mtu kuosha kikombe. Mama Mkunga alicheka hapo, akasema kwake ni binti anayemkataza kubeba hata ndoo. Kilipopita kitambo, Mama Funguo akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya mtaa:

"Mwenzangu, huyu jirani wa mbele ametoka."

"Jirani gani?"

"Huyo anayekunyima usingizi. Ametoka, kaacha mlango wazi. Njoo tukachungulie kwake wakati hayupo."

Mama Mkunga alilikaza begi mapajani. "Huo ni umbea," akasema.

"Ni umbea kweli. Mimi bila umbea nisingejuana na mtu hata mmoja."

Labda ni kwa ajili ya kile kicheko cha kikombe na ndoo, au ni uchovu wa kutolala, au mtu aliyefanya kazi ya kuingia nyumba za watu saa za shida hawezi kukataa mlango uliokwisha kufunguliwa. Mama Mkunga aliweka begi chini. Alifika barazani ameshika ukuta wa nyumba. Akainua macho polepole, kama anayefunua sufuria ya mtu mwingine.

Bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga tu, mpana, wenye mistari midogo kama nguo iliyokunjwa ikafunguliwa, na madimbwi, na kule mwisho mstari mweupe. Upepo ulikuwa mdogo. Ile harufu ilikuwapo pia, na Mama Funguo, ambaye miaka yote aliionea aibu, alimwona Mama Mkunga akiivuta puani.

"Inanuka kama chumba cha kujifungulia," akasema. "Kabla hakijapigwa deki."

Wakashuka. Mama Funguo alimpa ndala zake, mwenyewe akaenda peku, maana yeye nyayo zake zilikuwa zimeshakuwa ngozi ya kiatu. Walitembea kando kando, hawakushikana mikono, ila viwiko viligusana. Kila hatua chache Mama Mkunga alisimama, akageuka kuitazama nyumba, akahakikisha ipo. Mama Funguo hakumharakisha. Alimwonyesha mashimo ya kaa, nyasi zilizolala zote upande mmoja kama nywele zilizochanwa, jongoo wa baharini aliyelegea kama soksi. Alimwonyesha mahali mumewe alipochukua mawe ya ukuta, yaliyokuwa yameanguka yenyewe na kufa, maana yaliyo hai alikuwa hayagusi.

"Mawe yaliyo hai?"

Ndipo walipofika kwenye mwamba. Mama Mkunga aliinama, mikono magotini, akatazama ndani ya dimbwi. Palikuwa na matumbawe ya rangi ya ngozi, mengine ya zambarau, na samaki wadogo kama kucha wakiingia na kutoka. Mbele zaidi, upande wa pili wa mwamba, mawimbi yalikuja makubwa, ya kweli, yakavunjika palepale, yakaishia kuwa povu. Hayakuvuka. Aliyatazama moja likija, likivunjika, likirudi. Akalitazama la pili. La tatu. Midomo yake ikawa inacheza, na Mama Funguo akatambua kwamba anahesabu.

"Kumbe inapumzika katikati," Mama Mkunga akasema.

"Inapumzika."

"Na maji yote yale ya jana, yanakuja na kuondoka kila siku?"

"Mara mbili kwa siku. Hayajawahi kukosa."

Mama Mkunga akanyoosha mgongo. Ule uso uliokuwa umebana tangu garini ukalegea, ukawa uso wa mtu aliyeko kazini.

"Basi huu ni uchungu tu," akasema. "Unakuja, unaondoka, unakuja. Wasichana wengi wamenishika mkono wakilia kwamba watakufa, nikawaambia, usiuogope, uhesabu. Uchungu unaotisha ni ule usiojua unarudi lini." Akamgeukia Mama Funguo. "Huyu anarudi saa ngapi?"

"Tukianza kutembea sasa hivi, taratibu, atatufuata nyuma. Hatatupita."

"Jana mngeniambia hivyo, ningelala."

"Jana," Mama Funguo akasema, "jana mimi ndiye niliyewachelewesha njiani, uikute imejaa. Nilitaka uipende."

Mama Mkunga alizunguka dimbwi moja. Halafu akasema alishalijua hilo, si leo, tangu jana kwenye kibanda. Goti lenye ugonjwa mdogo kama ule haliwezi kuwa na hadithi yenye mwanzo mrefu namna ile.

Walirudi hivyo hivyo, bahari nyuma yao. Mara mbili Mama Mkunga alisimama akageuka, safari hii kuitazama bahari na si nyumba, kuona imefika wapi. Maji ya kwanza yaliwakuta karibu na ukuta, membamba, ya uvuguvugu, yakapita katikati ya vidole vyake vya miguu. Akashika mkono wa Mama Funguo. Akaubana sana, kisha akauachia, akapanda ngazi mwenyewe.

Kwenye baraza alimwambia binti yake masharti, naye binti alisimama na mwiko wa uji mkononi kama mtoto anayetumwa dukani. Watakaa. Yeye atalala chumba cha nyuma mpaka atakapotaka mwenyewe kusogea. Na kila asubuhi Mama Funguo atakuja kumwambia maji yanajaa saa ngapi na kukupwa saa ngapi, bila kumficha hata robo saa. Huyo mama haondoki hapa, akasema. Mimi siwezi kukaa na bahari isiyo na mtu wa kuitolea taarifa.

Mama Funguo alisema sawa. Aliingia jikoni, akaosha kikombe kilichokuwa safi, akakiweka, akakichukua, akakiosha tena. Funguo zilikuwa zinalia kifuani pake na hakuwa anatembea.

Ndipo ikasikika injini kwenye njia ya mchanga. Taratibu alikuwa amekuja kuwapeleka wageni kivukoni. Alifika mapema. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu anunue gari. Alikuwa amefua shati, ameweka spana mbili mahali zinapoonekana, na alikuwa tayari ameteremka kufungua mlango wa nyuma. Akamkuta Mama Mkunga amekaa barazani na bakuli la uji, ndala zenye mchanga pembeni, anaangalia maji yakija.

Akamtazama shemeji yake. Mama Funguo akamwambia arudi tu, abiria hawapo.

Taratibu aliufunga mlango wa gari polepole, akavua kofia.

"Mnaona sasa?" akasema. "Ndiyo maana mimi huwa siwahi."